Aliyemwona Marehemu Mara ya Mwisho

Mtu akifa ghafla Nyamiaga, swali la kwanza barabarani ni alikuwa wapi jana, na la pili ni alikuwa na nani. Polisi hawajafika bado. Mwenyekiti wa kitongoji ndiyo kwanza anatafuta koti lake, maana asubuhi za Ngara zina baridi. Lakini mama aliyekuwa akianika maharage ameshasema alimwona akipita na baiskeli wakati jua linaelekea upande wa Burundi. Kijana wa bodaboda ameshasema alipishana naye njiapanda, amebeba dumu la njano. Na mzee mmoja aliyekaa kimya muda wote ameshatazamwa mara mbili kwa sababu ya huo ukimya wake. Kufika saa nne asubuhi kijiji kina jalada zima la kesi, na hakuna aliyeshika kalamu.

Nyamiaga ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, kwenye kona ile ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Wenyeji wengi ni Wahangaza, na Kihangaza chao ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba Mrundi akivuka kuja sokoni hahitaji mkalimani. Nyumba zimejificha ndani ya migomba. Mgeni akitazama kutoka barabarani anaona majani tu, anadhani hakuna mtu. Kumbe nyuma ya majani hayo kuna anayepalilia, kuna anayekata majani ya mbuzi, na wote wamemwona tangu alipotokeza kwenye kona. Siri zipo, kama zilivyo popote penye watu, ila hazidumu.

Ndiyo maana kwa muda mrefu nimeamini kwamba hadithi ya mauaji ya kijijini, ile ambayo mpelelezi wake hana cheo wala pingu, ina kila sababu ya kuandikwa Ngara. Waingereza wameipenda karibu karne nzima. Agatha Christie alipotoa The Murder at the Vicarage mwaka 1930, alimweka mbele bibi mmoja asiye na mume wala wadhifa, Miss Marple, mkazi wa kijiji cha kubuni kiitwacho St Mary Mead. Bibi huyo anafuma sweta, anatunza bustani, anasikiliza majirani. Mbinu yake ni moja: anamlinganisha mshukiwa na mtu wa kijijini kwake anayemjua vizuri, kwa imani kwamba tabia za binadamu ni zilezile mjini na shamba. Bibi yeyote wa Nyamiaga aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa mkwe na mkwewe anaijua mbinu hiyo, hata kama hakuisoma popote.

Wapo wanaozidharau hadithi za namna hii. Wanasema zinafanya kifo kuwa mchezo, damu haionekani, watu wanakunywa chai, na mwisho msomaji analala usingizi mzuri. Mimi naziona tofauti. Hadithi ambamo kijiji kizima kinasimamisha shughuli zake mpaka kifo cha mtu mmoja kielezwe, tena kielezwe sawasawa, inampa marehemu heshima kubwa. Inasema kwamba mtu huyu hakupotea tu. Kuna sababu, kuna saa, kuna mkono, na hatutaondoka hapa mpaka tujue. Watu wengi waliokufa vibaya katika eneo letu la Maziwa Makuu hawakupata hata robo ya heshima hiyo.

Kiswahili nacho kilimpata mpelelezi wake mapema, tena shambani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alianza kazi mwaka 1938 katika idara ya afya, akawa bwana afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia kwenye magazeti, na kuanzia 1958 alihariri jarida la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tulimokutana na Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Kivuli cha Sherlock Holmes, aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 1887, kinaonekana wazi wala mwandishi hakifichi. Lakini mahali ni petu, na tatizo ni letu.

Tatizo lenyewe ni hili. Ali Bomani, tajiri mwenye mashamba, anakutwa amekufa, na maiti yake imekutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka ubani na sadaka kuombea shida zao. Mwandishi hakuchagua mahali hapo kwa bahati. Maiti ikilala kwenye mzimu, jibu linakuwa limeshalala pamoja nayo: wakubwa wa pale wamekasirika, na anayeendelea kuuliza anajitafutia balaa. Anayetaka kuua na asiulizwe angepata wapi mahali pazuri kuliko hapo? Bwana Msa anauliza hata hivyo. Anauliza watu wa kawaida, kwa adabu, na anatazama vitu vilivyo chini ya pua ya kila mtu. Sitasema aliyeua ni nani, kwa kuwa wapo ambao hawajakisoma kitabu hicho na wanastahili kukisoma.

Naona kazi ya kwanza ya Abdulla katika kila ukurasa. Bwana afya ni mtu anayeingia kwenye ua wa watu na kutazama kisima, choo, na umbali uliopo kati ya hivyo viwili. Mtoto akiharisha, jirani anasema amefanyiwa kitu, na bwana afya anauliza maji yametekwa wapi. Halazimiki kumdhihaki mtu anayeogopa. Anachofanya ni kuuliza swali jingine, dogo zaidi, lenye jibu linaloweza kushikwa mkononi. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi akishika kalamu, hawezi kumwandika mpelelezi wa bastola. Atamwandika mtu wa maswali madogo.

Tuuhamishe mzimu ule, tutoke Unguja tuje Kanda ya Ziwa. Huku aliyekaa mahali pa mzimu ni bibi kizee. Mtoto anakufa kwa homa, ng'ombe anakufa zizini, kijana anaanguka kwenye msingi wa nyumba anayoijenga, na watu wanaanza kumtazama bibi aliyebaki peke yake baada ya mume kufariki na watoto kwenda mijini. Ana macho mekundu. Macho hayo ameyapata jikoni, miaka hamsini ya kuinamia mafiga matatu kwenye nyumba isiyo na dirisha, akipuliza kuni mbichi mpaka zishike. Moshi uliolisha ukoo mzima unakuwa ushahidi dhidi yake. Mauaji ya vikongwe yameliliwa na taifa kwa miongo kadhaa, na bado mpiga ramli chonganishi akifika kijijini hakosi wateja.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Uchawi ilitungwa na Waingereza mwaka 1928, ipo mpaka leo katika vitabu vya Tanzania kama Sura ya 18, na inamhesabia kosa hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ila sheria hutoka makao makuu na kufika kwa gari, wakati jina la bibi linapita kwa mguu usiku huohuo, kutoka ua hadi ua, na asubuhi limeshazoeleka. Katikati ya gari na mguu ndipo ninapomtaka mpelelezi wangu wa kijijini.

Wengi husema kazi ya mpelelezi ni kumkamata muuaji. Kwa kijiji, naamini, kazi yake ya kwanza ni kumwokoa asiyehusika. Kijiji kinaona vizuri kuliko kamera yoyote: kinajua nani alipita na baiskeli, nani hakuwasha moto jikoni jana jioni, mbwa wa nani hakubweka. Lakini kijiji hichohicho kinahukumu vibaya, kwa haraka, na kwa kufuata chuki zilizokuwepo kabla ya kifo. Mgogoro wa mpaka wa shamba wa miaka ishirini iliyopita unafufuka msibani na kuvaa nguo za ushahidi. Mpelelezi ni yule anayepokea kila kilichoonwa na kukataa, kwa muda, kila kilichohukumiwa. Anawaambia watu: niambieni mlichokiona, mnachokidhani kingojeni kwanza. Ni kazi ngumu kuliko kufukuzana na jambazi, kwa kuwa anaowazuia wasihukumu ni shangazi zake na wajomba zake, na kesho atahitaji wamsaidie kubeba mgonjwa kwenda hospitali.

Angekuwa nani, huyo mtu, Nyamiaga? Nimewaza mwalimu mstaafu, maana aliwafundisha wote na anakumbuka nani alikuwa akiiba kalamu. Nimewaza katekista, kwa mfano wa Father Brown, yule padri mpelelezi ambaye G. K. Chesterton alianza kumwandika mwaka 1910, aliyeyajua maovu kwa kusikiliza maungamo. Mwishowe nimetua kwa mtu ambaye sijamwona katika hadithi yoyote: katibu wa msiba.

Kila aliyekaa matanga anamjua. Amewekwa kwenye meza ndogo karibu na lango, chini ya turubai, na mbele yake kuna daftari la shule, kurasa 96, ambalo limepigwa mistari kwa rula. Jina, kitongoji, alichotoa. Elfu mbili. Elfu tano. Maharage kilo tatu. Mkungu mmoja wa ndizi. Dumu la rubisi. Pengine neno moja tu, "ahadi", na nafasi iliyoachwa wazi mbele yake. Majina mengine yameandikwa mtu mwenyewe akiwa amesimama hapo, mengine yameletwa na mtoto aliyetumwa. Karani huyu hachaguliwi kwa elimu peke yake. Anachaguliwa kwa sababu haongezi sifuri na hatangazi umaskini wa mtu.

Lisome daftari hilo taratibu, kama mpelelezi, uone linavyosema. Mtu asiyewahi kuvuka elfu moja katika misiba yote ya mwaka safari hii ametoa elfu ishirini. Jirani wa uzio mmoja na marehemu amemtuma mtoto, wakati mguu wake ni mzima na jana alikuwa shamba. Kijana aliyedaiwa kuwa safarini jina lake lipo, limeandikwa asubuhi ya siku ya kwanza kabisa, kabla habari haijafika hata kitongoji cha pili. Nani alimwambia? Na ukitoka mezani ukaenda kaburini, wachimbaji nao wana habari zao: nani alishika jembe bila kupumzika mpaka wenzake wakashangaa, nani alikwepa kusogea karibu wakati jeneza linashushwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kumtia mtu hatiani. Mtu anaweza kutoa elfu ishirini kwa sababu marehemu alimsomeshea mtoto. Katibu wetu anajua hilo, ndiyo maana analifunga daftari na kwenda kuuliza, badala ya kusimama na kutangaza.

Mahakama zetu zenyewe zinaifahamu elimu hii. Katika kesi za mauaji zisizo na shahidi wa macho, majaji wa Tanzania hutumia kanuni ya mtu wa mwisho kuonekana na marehemu: ikithibitika kwamba fulani ndiye aliyeonekana naye mara ya mwisho akiwa hai, na akashindwa kutoa maelezo yanayoingia akilini, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye muuaji. Na ushahidi wa mazingira, ule unaojengwa kwa vipande vidogo, sharti vipande vyake viungane bila kukatika, na visiache mlango wowote wa kumwingiza mtu mwingine. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa, jaji hana nyingine ya kuchagua, kwa hiyo ukali wa kanuni hiyo una maana yake. Kwa miaka mingi jaji wa Mahakama Kuu alikaa na wazee wa baraza, raia wa kawaida waliomweleza maoni yao kabla hajahukumu. Dola yenyewe ilikiri kwamba kuna mambo ambayo mtu wa kijijini anayaona na msomi wa sheria hayaoni.

Hapa pana jambo linalonigusa kuliko yote, na ningependa mwandishi wa riwaya alishughulikie kwa uangalifu. Aliyemwona marehemu mara ya mwisho mara nyingi ni yule tu aliyekuwa mkweli kiasi cha kusema. Mama aliyeanika maharage angeweza kunyamaza. Kijana wa bodaboda angeweza kusema hakupita njia ile. Wamesema kwa sababu walimpenda marehemu, au kwa sababu hawakuona ubaya wa kusema, na kuanzia dakika hiyo wamejiweka karibu na kifo kuliko wengine wote. Kijiji kikiwageukia, kitakuwa kimewafundisha watoto wake kunyamaza, na safari ijayo hakuna atakayekuwa ameona kitu. Kwa hiyo mpelelezi wa kijijini analinda watu wawili tangu mwanzo: bibi ambaye kila mtu yuko tayari kumtaja, na shahidi aliyefungua kinywa. Muuaji anakuja wa tatu.

Ngara haiwezi kuandikiwa hadithi tulivu ya mauaji kama vile haijui mauaji ya aina nyingine. Mto Kagera unapita mpakani, na pale Rusumo unaporomoka kwenye mwamba chini ya daraja. Miezi ya Aprili na Mei 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, mto huo ulibeba maiti kutoka Rwanda, maelfu, ukazifikisha mpaka Ziwa Victoria. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa halikuwa limewahi kuona wimbi la haraka kiasi hicho. Wakawekwa katika kambi ya Benaco. Mlima uliokuwa na nyasi ukawa na moshi wa maelfu ya mafiga. Wazee wa Ngara walioona maiti zile hawakuwa na daftari la kuandika majina, kwa kuwa hakuna aliyeyajua.

Baada ya hapo maneno mawili yalizunguka, na yote mawili yalikuwa mepesi. Wapo waliosema kambi ile yote ni wauaji. Wapo waliosema wote ni wahanga. Kambini walikuwemo mama wanyonyeshao na wazee wasiojua kilichowapata, na walikuwemo pia watu waliotoka kuua wiki mbili nyuma na sasa wanapanga foleni ya mahindi. Kumjua huyu na yule kulihitaji kuulizwa mmojammoja.

Mmoja aliyeulizwa anaitwa Sylvestre Gacumbitsi. Alikuwa meya wa wilaya ya Rusumo, ng'ambo ya mto. Katika eneo lake, kwenye kanisa la Nyarubuye, maelfu ya Watutsi waliokimbilia hapo waliuawa katikati ya Aprili 1994. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alifika Nyarubuye wakati maiti zingali pale, akavuka mto kumtafuta meya, akamkuta Benaco, Ngara, akiwa kiongozi kati ya wakimbizi. Akamuuliza. Keane hakuwa polisi wala mwendesha mashtaka, alikuwa mtu aliyekataa kuondoka na jibu la jumla, na ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha Season of Blood cha mwaka 1995. Gacumbitsi alikamatwa Juni 2001 katika kambi moja mkoani Kigoma, akapelekwa mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa jijini Arusha. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30, na mwaka 2006 majaji wa rufaa wakaipandisha kuwa kifungo cha maisha.

Waliotoa ushahidi katika kesi kama hiyo walikuwa watu wa vijijini. Maswali waliyoulizwa ni yaleyale ya barabara ya Nyamiaga: ulimwona wapi, siku gani, alikuwa na nani, alikuwa amebeba nini, wewe ulikuwa umesimama upande gani. Wakili wa utetezi akauliza tena kwa kugeuza. Ilichukua miaka kumi na miwili kuanzia kanisani hadi hukumu ya rufaa, na wapo waliochoka kusubiri. Lakini mwisho wake lilipatikana jina la mtu mmoja na matendo yake, na kila jina linalopatikana kwa njia hiyo linawapunguzia mzigo wengine waliovuka daraja siku ile bila damu mikononi. Kusema "kabila fulani ndilo lililoua" ni kama kusema mizimu imekasirika. Yote mawili yanamaliza maswali kabla hayajaanza, na yote mawili yanamwacha muuaji amekaa kwenye foleni ya mahindi.

Kwa hiyo ninapotaka Ngara iandikiwe kisa cha kifo kimoja, katika kitongoji kimoja, na mpelelezi mwenye daftari la msiba, sisahau mto. Nakitaka kwa sababu ya mto. Mahali palipoona watu wakifa bila kuhesabiwa panahitaji kuliko mahali pengine zoezi la kumhesabu mmoja, kwa subira, mpaka mwisho.

Waandishi wetu waliondoka shambani mapema mno. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, Inspekta Wingo wake alikuwa askari wa mjini, mwenye simu na gari. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa taifa, mwepesi wa bastola. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, jirani kabisa na Ngara, akamuumba Joram Kiango, na Joram naye ni mtu wa jiji. Nimezipenda riwaya hizo, kizazi kizima kilijifunza kusoma kwa hiari kupitia kwazo, na hakuna haja ya kuzipunguzia sifa. Ila ziliacha pengo. Watanzania walio wengi bado wanaishi vijijini, na wakisoma riwaya ya upelelezi wanasoma juu ya hoteli ambazo hawajalala.

Pengo hilo si la kukosa visa. Biharamulo na Ngara zina misitu ambamo kwa miaka mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha, zina mpaka unaovukwa kwa mguu na ng'ombe usiku, zina vyama vya kuweka na kukopa ambamo kisanduku kimoja kina funguo tatu kwa watu watatu. Zina wanaume waliokwenda machimbo ya dhahabu wakarudi na fedha zisizoelezeka, na wengine hawakurudi. Mwandishi anayezijua njia hizo hahitaji kubuni sana. Anahitaji uvumilivu wa kuandika alichokiona kabla ya anachokidhani, na ujasiri wa kumfanya bibi mwenye macho mekundu awe mtu kamili katika ukurasa wa kwanza, mwenye jina, mwenye utani wake na deni lake dukani, ili kijiji kitakapoanza kumtazama vibaya kwenye ukurasa wa arobaini msomaji aone aibu.

Abdulla aliingia kwenye fasihi kupitia shindano, naye alikuwa mtu mwenye ajira nyingine. Leo lipo shindano: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Mwalimu wa Nyamiaga, nesi wa Ngara, karani wa Biharamulo unayeweka madaftari ya misiba ya mtaa mzima kwenye sanduku lako, andika. Mfanye mpelelezi wako awe mtu wa hapo, umpe kesi ngumu, na usikubali mtu yeyote kitabuni mwako ahukumiwe kwa macho yake.